Kikamba katika tarakilishi: Safari ya herufi ĩ na ũ, na jinsi watumiaji wanavyoomba programu ziboreshwe

MAMA anayesuka kiondo katika kijiji cha Kitui au Makueni hufanya kazi ambayo kwa Kikamba huitwa kũtuma. Mwanawe aliye mjini, anapompelekea fedha kwa njia ya rununu, naye hufanya jambo liitwalo kũtũma. Linalotenganisha kusuka na kupeleka ni alama ndogo mfano wa wimbi, iliyokaa juu ya herufi u ya pili. Iondoe alama hiyo, na msomaji atabaki kukisia.

Kwa miaka mingi tarakilishi hazikuwa na nafasi ya alama hiyo. Aliyetaka kupiga chapa nyimbo za ibada, wasifu wa marehemu au tangazo la mkutano kwa Kikamba alilazimika kuiacha, kuichora kwa kalamu baada ya karatasi kutoka kwenye mashine, au kubuni njia yake mwenyewe. Leo herufi zenyewe zimo katika takriban kila tarakilishi na rununu mpya. Hata hivyo, kuzifikia bado ni kazi, na programu za kuandikia hazijui mengi kuhusu lugha hii. Mabadiliko yaliyokwisha kupatikana yaliletwa kwa sehemu kubwa na maombi ya watumiaji, na yaliyosalia yatafuata njia hiyo hiyo.

Irabu saba, vitufe vitano

Kiswahili kina irabu tano: a, e, i, o na u. Kikamba kina saba, kwa kuwa huongeza ĩ na ũ. Sauti ya ĩ imo kati ya i na e, na ile ya ũ imo kati ya u na o. Hizi si sauti za nadra. Viambishi vya ngeli kama mũ-, mĩ-, kĩ-, tũ- na ũ- vyote huzibeba, na kitenzi kisicho na mtendaji huanza kwa kũ-. Neno mũndũ, yaani mtu, lina herufi tano, na mbili kati yake zina wimbi. Ni vigumu kuandika sentensi moja ya Kikamba bila kuzihitaji.

Mfano wa kũtuma na kũtũma una undugu na Kiswahili pia. Maneno hayo mawili ni ya kale katika lugha za Kibantu. Kiswahili kilipoteza tofauti ya irabu zake, lakini konsonanti ya neno moja ikageuka, ndipo tukapata kufuma na kutuma. Kiswahili huonyesha tofauti kwa f na t. Kikamba huionyesha kwa wimbi. Kumwambia Mkamba aliache wimbi hilo ni sawa na kumwambia Mswahili aandike kufuma na kutuma kwa namna moja.

Historia ya kuiandika lugha hii inaanzia Kitui yenyewe. Mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika huko mwaka wa 1849, akawa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa misafara. Tarehe 3 Desemba mwaka huo aliuona kwa mbali mlima wenye theluji. Wakamba waliuita Kĩĩnyaa. Krapf akaandika Kenia. Kwa kuwa sauti ya ĩ imo kati ya i na e, si ajabu kwamba sikio la mgeni liliipeleka upande wa e. Mwaka wa 1850 tafsiri yake ya Injili ya Marko kwa Kikamba ilichapishwa Ujerumani. Biblia nzima kwa lugha hiyo ilitoka mwaka wa 1956. Wapiga chapa wa enzi hiyo walikuwa na herufi za risasi zilizochongwa kwa kusudi hilo. Tarakilishi ilipowasili, ilileta vitufe vya Kiingereza.

Jinsi herufi zilivyokosekana

Tarakilishi haihifadhi umbo la herufi bali namba yake. Mpango wa ASCII uliotangazwa Marekani mwaka wa 1963 ulikuwa na nafasi 128 tu, na zilizoonekana kwenye karatasi zilikuwa 95. Zilitosha Kiingereza na, kwa bahati njema, Kiswahili. Ndiyo maana mwandishi wa Kiswahili hakupata taabu ya herufi hata siku moja.

Katika miaka ya 1980 nafasi ziliongezwa hadi 256, na jedwali lililoenea zaidi likawa lile la Ulaya Magharibi, ISO 8859-1. Humo Wareno walipata ã na õ, na Wahispania wakapata ñ, zote zikiwa na wimbi lile lile. Lakini ĩ na ũ hazikuwemo. Zilikuwemo katika jedwali la nne, lililokusudiwa nchi za Baltiki na kisiwa cha Greenland, ambalo watu wachache mno katika Afrika Mashariki waliwahi kuliona.

Wenye kuandika Kikamba na Kikuyu walijisaidia kwa fonti za kubuni. Fundi alichukua herufi isiyotumika, akafuta umbo lake na kuchora ĩ mahali pake. Kazi ilionekana safi kwenye tarakilishi yake na kwenye karatasi. Faili ilipopelekwa kwenye tarakilishi isiyo na fonti hiyo, ĩ iligeuka alama isiyoeleweka, na kazi ya siku nyingi ikaharibika.

Suluhisho lilikuwa Unicode, mpango ulioanza kuchapishwa mwaka wa 1991 kwa nia ya kuipa kila herufi ya dunia namba yake moja. Humo ĩ ina namba 0129 na ũ ina 0169. Herufi kubwa Ĩ ni 0128 na Ũ ni 0168. Namba hizo hutumiwa pia na Kikuyu, Kivietnamu na lugha nyinginezo. Mwandishi wa Kitui ananufaika na madai ya mwandishi wa Hanoi, na hilo ni funzo la kwanza kwa anayetaka kupendekeza jambo: ombi lenye wenzake wengi husikika mapema.

Gharama ya wimbi katika arafa

Suala hili lina bei yake pia. Arafa ya kawaida hubeba herufi 160, mradi zote zimo katika jedwali dogo la simu. Jedwali hilo lina ñ, lakini halina ĩ wala ũ. Mwandishi akitia ũ moja tu, ujumbe wote huhamishwa kwenye mpango wa Unicode, na nafasi hushuka hadi 70. Ujumbe ukizidi hapo hukatwa vipande vya herufi 67 kila kimoja. Kwa hiyo ujumbe wa herufi 140 ambao ungekwenda kama arafa moja hugeuka kuwa tatu, na mwenye kulipia arafa mojamoja hulipa mara tatu.

Katika hali hiyo, aliyeandika kutuma bila wimbi hakuwa mvivu wala mjinga wa lugha yake. Alikuwa akibana matumizi. Programu za ujumbe zinazotumia intaneti hazina kikomo hicho, lakini mazoea yaliyojengwa na arafa yamebaki vidoleni.

Mazoea hayo yana athari kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mwaka wa 2022 kampuni ya Meta ilitoa mfumo wa kutafsiri wa NLLB-200, unaoshughulikia lugha 200, Kikamba, Kikuyu na Kijaluo zikiwemo. Mifumo ya namna hii hujifunza kutokana na maandishi yaliyopo. Ikiwa maandishi hayo hayatofautishi kusuka na kupeleka, mashine nayo haitakuwa na pa kujifunzia tofauti hiyo.

Namna ya kuziandika leo

Kabla ya kuomba jambo jipya, ni vyema kujua lililopo. Katika Microsoft Word, mwandishi huandika 0129 kisha hubonyeza Alt na X kwa pamoja. Namba hugeuka ĩ. Kwa ũ huandika 0169. LibreOffice nayo ilipata njia hiyo hiyo mwaka wa 2016.

Kuna tahadhari moja. Herufi a hadi f huhesabiwa kuwa sehemu ya namba za aina hii. Anayeandika mũndũ akifika kwenye ũ ya mwisho atakuwa na d kabla ya 0169, na programu inaweza kuisoma d hiyo kama mwanzo wa namba. Dawa yake ni kuchagua tarakimu nne pekee kabla ya kubonyeza Alt na X. Anayeandika mara kwa mara atapata nafuu zaidi akifungua sehemu ya alama katika Word na kuipa kila herufi vitufe vyake vya mkato, mara moja kwa daima.

Kwenye tarakilishi za Apple, kibodi iitwayo ABC Extended huweka wimbi kwa Option na N, kisha i au u. Katika Linux, orodha ya kibodi za Kenya ina mpangilio wa Kikuyu, na kwa kuwa herufi ni zile zile, humfaa Mkamba vilevile. Katika kihariri cha Vim, mwandishi hubonyeza Ctrl na K, kisha i na alama ya kuuliza, akapata ĩ.

Wanachohitaji waandishi

Njia hizo zote zina kasoro moja: humtaka mwandishi akariri mambo yasiyohusiana na lugha yake. Mahitaji ya anayeandika Kikamba yanaweza kugawanywa katika mafungu matano.

La kwanza ni kibodi. Herufi zinazotokea karibu katika kila neno hazifai kufichwa nyuma ya vitufe vinne. Kwenye rununu, kubonyeza i kwa muda hufungua orodha ya herufi zenye alama, na katika kibodi nyingi za Kiingereza orodha hiyo huwa na î na ï lakini haina ĩ.

La pili ni kutafuta. Anayetafuta Mutomo katika waraka mrefu angependa kupata pia Mũtomo. Tena ĩ inaweza kuhifadhiwa kwa njia mbili: kama herufi moja yenye namba 0129, au kama i ikifuatwa na wimbi pekee lenye namba 0303. Machoni ni kitu kimoja. Kwa programu isiyo makini ni vitu viwili, na neno lililo mbele ya macho husemekana halipo.

La tatu ni kupanga kwa alfabeti. Orodha ya wanafunzi au ya maneno ya kamusi inapaswa kuiweka ĩ baada ya i na ũ baada ya u. Programu inayofuata namba tupu za Unicode huzitupa zote mbili nyuma ya z.

La nne ni ng', inayotumika Kikamba na Kiswahili pia. Programu nyingi hudhani alama ya ritifaa ni mwisho wa nukuu. Hivyo ng'ombe hukatwa vipande viwili mtu anapolichagua neno, au ritifaa hugeuzwa bila idhini ya mwandishi.

La tano, na gumu kuliko yote, ni kusahihisha tahajia. Orodha ya maneno haitoshi kwa lugha ya Kibantu, kwa sababu kitenzi kimoja hubeba nafsi, wakati na kauli ndani yake, na maumbo yake hayahesabiki kwa urahisi. Hata hivyo msingi wa kazi hiyo upo. Programu ya Hunspell, inayotumiwa na LibreOffice na Firefox, iliundwa kwanza kwa Kihungari, ambayo nayo ni lugha ya viambishi vingi. Humo mtunzi huandika mashina upande mmoja na kanuni za viambishi upande wa pili.

Nani huamua?

Maombi hayana mlango mmoja. Mfano bora wa jinsi mtumiaji anavyoweza kusikika uko karibu na Kenya kuliko wengi wanavyojua. Kihariri cha Vim kiliundwa na Mholanzi Bram Moolenaar, aliyekitoa kwa umma mwaka wa 1991. Mwaka wa 1994 alikaa Kibaale, kusini mwa Uganda, akijitolea katika kazi za maji na usafi kwenye kituo cha watoto, eneo lililokuwa limeathiriwa vibaya na ukimwi. Aliporudi kwao alianzisha wakfu wa ICCF Holland, na tangu hapo watumiaji wa Vim kote duniani, wanapofungua programu hiyo, huona ujumbe mfupi unaowaomba wawasaidie watoto wa Uganda.

Moolenaar aliwapa wafadhili wa programu yake haki ya kupiga kura kuhusu mambo mapya yatakayotangulia kutengenezwa, na fedha zao akazielekeza Kibaale. Hivyo ombi la mtumiaji wa Ulaya au Marekani lilikuwa pia karo ya mtoto wa Uganda. Toleo la 6 la mwaka wa 2001 lilileta uwezo wa kuhariri maandishi ya Unicode, na toleo la 7 la mwaka wa 2006 likaleta kusahihisha tahajia. Moolenaar alifariki Agosti 2023, na wenzake wakaendeleza kazi.

Kwa makampuni makubwa mwendo ni tofauti. Notepad ya Windows kwa miaka mingi ilihifadhi faili kwa jedwali la zamani isipokuwa mtumiaji achague vingine. Aliyepuuza onyo lake alizipoteza herufi kama ĩ. Ni mwaka wa 2019 tu ndipo UTF-8, namna ya Unicode iliyoenea zaidi, ilipofanywa chaguo la kwanza. Kusahihisha tahajia kuliingia mwaka wa 2024, takriban miongo minne baada ya programu hiyo kuzaliwa.

Njia ya tatu ni ya wenye lugha kuifanya kazi wenyewe. Mwaka wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na kampuni ya Kiswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maelekezo kwa Kiswahili. Haikungoja ombi likubaliwe ng'ambo. Programu ilikuwa huria, na msimbo wake uliruhusu mtu kuubadilisha.

Kikamba nacho kimeingia katika hifadhi ya CLDR, inayosimamiwa na Unicode na kutumiwa na watengenezaji wa programu kujua majina ya siku, miezi na namna ya kuandika tarehe. Humo Jumatatu ni Wa kwambĩlĩlya na Jumanne ni Wa kelĩ. Data za hifadhi hiyo hupendekezwa na kupigiwa kura na wajuzi wa lugha, na kosa likigunduliwa linaweza kuripotiwa ili lirekebishwe.

Ombi linalosikika

Uzoefu wa miradi hii unaonyesha kwamba maombi mengi hayakataliwi kwa ubaya. Huachwa kwa sababu mtengenezaji hakuelewa anachoombwa. Kusema "programu yenu haijali lugha yetu" ni malalamiko. Ombi ni jambo jingine, na lina sehemu zake.

Kwanza, litaje programu, toleo lake na aina ya tarakilishi au rununu. Pili, liitaje lugha kwa msimbo wake wa kimataifa, ambao kwa Kikamba ni kam. Tatu, litoe namba za herufi, kwa kuwa mtengenezaji aliye mbali anaweza kuona ĩ na kudhani ni ï. Nne, litoe mfano mmoja mfupi: mtu aandike nini, aone nini sasa, na angepaswa kuona nini. Jozi ya kũtuma na kũtũma yatosha kumweleza mtu asiyejua neno lolote la Kikamba. Tano, kila ombi libebe jambo moja. Mwisho, mwombaji atazame kwanza kama kuna aliyetangulia, hasa kutoka kwa Wakikuyu, wenye herufi hizo hizo, amuunge mkono badala ya kuanza upya.

Mlango nao uwe ndio. Kukosekana kwa herufi kwenye kibodi ni suala la mwenye kibodi. Jina la siku lililokosewa ni la CLDR. Kuhusu LibreOffice na Vim, kila mradi una daftari la wazi la kasoro na mapendekezo. Kwa Windows kuna programu ya Feedback Hub. Orodha ya mashina ya maneno haiombwi kwa yeyote: lazima itungwe na wenye lugha.

Kazi hiyo ya mwisho haihitaji mtaalamu wa tarakilishi pekee. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu Wakamba 4,663,910 nchini Kenya. Kaunti ya Kitui ilikuwa na wakazi 1,136,187 na Makueni 987,653. Miongoni mwao wamo walimu wa madarasa ya chini, watangazaji wa redio na watafsiri wa makanisa. Kipo pia Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya huko Kwa Vonza, Kitui, kilichopata hati mwaka wa 2013. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali kukuza na kulinda lugha mbalimbali za wananchi na kuendeleza lugha za kiasili.

Sheria hufungua njia, lakini haibonyezi vitufe. Herufi ĩ na ũ zimekwisha kupewa namba zake, na namba hizo hazitafutwa. Kilichobaki ni kuziweka karibu na vidole vya mtoto anayejifunza kuandika, ili atakapomwandikia nyanyake kuhusu kiondo anachokisuka na fedha alizopelekewa, aweze kuandika kila moja kwa neno lake.